Mandhari ya Kilimambogo na Macho ya Mama

Neno mandhari nililipata kwa mara ya kwanza shule ya upili, mwalimu alipotuorodheshea ubaoni vipengele vya fani: msuko, wahusika, mandhari, mtindo na lugha. Tulilikariri kama tulivyoyakariri mengine. Swali la mtihani lilipotutaka tueleze mandhari ya riwaya, tulitaja mahali na wakati, tukapewa alama zetu, tukaendelea na safari. Zaidi ya miaka kumi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, nilijikuta ningali ninalijibu swali lile lile kwa namna ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa jibu langu lilijaza kurasa thelathini na mbili.

Kurasa hizo ndizo zilizokuwa sura ya tatu ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu alinirejeshea mwishoni mwa mwaka 2023. Nilitarajia maelezo marefu, kwa kuwa yeye si mtu wa kubana kalamu. Badala yake niliyakuta maneno machache pambizoni mwa ukurasa wa tano: "Umehesabu miti. Ni nani anayeitazama?" Baada ya hapo hakuna kurasa alizozitia alama yoyote. Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimeorodhesha kila ziwa, kila njia na kila kibanda kilichotajwa katika riwaya nne nzima, na nilidhani kazi ya mhakiki ni hiyo.

Hasira ilipotulia nilirudi kwenye kamusi, maana mwanafunzi wa Kiswahili akipotea njia hukimbilia huko. Nikakumbuka jambo ambalo tulifundishwa darasani nikalipuuza. Mandhari limetokana na Kiarabu, na katika asili yake ni kile kinachotazamwa. Nadharia nalo limechipuka kwenye mzizi uo huo wa kutazama. Nilikuwa na sura moja ya nadharia na sura nyingine ya mandhari, nikizidhania kuwa watu baki, kumbe ni ndugu wa tumbo moja, na katika sura zote mbili hapakuwa na jicho hata moja.

Hapo sina budi kumtaja mama yangu.

Kwetu ni Matungulu, upande wa Tala, katika kaunti ya Machakos. Ukisimama uani petu na kuelekeza uso kaskazini, unauona mlima mmoja mweusi uliojitenga na vilima vingine. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wengi huuita Kilimambogo kwa sababu ya mbogo walioko msituni mwake. Sisi Wakamba twauita Kyanzavi, na jirani zetu Wakikuyu Kianjahi, majina mawili yanayomtaja mmea mmoja: njahi, zile ambazo watu wa pwani huziita fiwi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wakikuyu, aliutaja miongoni mwa milima mitakatifu na kulifasiri jina lake kuwa mlima wa mvua kubwa. Asiyejua anaweza kushangaa njahi zimegeukaje mvua. Kwa Wakikuyu, hata hivyo, msimu wa mvua za masika nao huitwa kwa jina la njahi.

Mama hakuwahi kusoma kitabu hicho, na mlima wenyewe hajawahi kuupanda. Hata hivyo alikuwa akiusoma kila asubuhi. Mwezi wa Oktoba, Kyanzavi ilipovaa kofia ya wingu siku tatu mfululizo, yeye alitangulia shambani na jembe lake kabla ya majirani kuamka, kwani kwetu Ukambani mvua ya vuli ndiyo ya kutegemewa. Alipanda mahindi na mbaazi. Sikumbuki mwaka ambao alipanda akadanganyika na wingu lile, ingawa inawezekana kabisa kwamba ipo na mimi nilikuwa mdogo.

Macho yake yalianza kumsumbua nilipokuwa namaliza shahada ya kwanza. Hospitalini waliutaja ugonjwa kuwa glakoma, ule ambao watu wetu huuita presha ya macho. Ni ugonjwa mwizi. Hauumi, na hauzimi taa kwa mkupuo. Kwa kawaida hunyemelea pembeni, ukimega upana wa jicho polepole, hadi mgonjwa abaki akiutazama ulimwengu kama anayechungulia ndani ya mwanzi. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone huzuia kisichopotea kisipotee, mradi itiwe kila siku bila kukosa.

Desemba ya mwaka ule ule wa 2023 ndipo ndugu yangu mdogo aliponiambia, tukiwa tunachota maji, kwamba mama alikaa miezi saba bila dawa. Alikuwa ameichukua pesa ya matone akaitia katika karo yangu ya uzamili. Alimkataza mtu yeyote kunieleza. Nilipomuuliza mwenyewe alinijibu kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya sukari, kwamba alikuwa ameona ya kutosha na mimi ndiye niliyekuwa bado naanza kuona.

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sijalipata.

Katika hali hiyo ndipo chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kilipotangaza ziara ya Kilimambogo, Jumamosi moja ya Februari 2024. Nilimpigia mama simu nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ukifika juu, unitazamie nyumbani."

Tulitoka Nairobi alfajiri kwa basi la chuo. Tulipita Thika, tukafuata barabara ya Garissa, kisha tukachepuka kulia hadi kwenye mto Athi na kijiji cha Donyo Sabuk. Lango la hifadhi liko karibu na hapo. Serikali iliutenga mlima huu kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1967, na eneo lake ni dogo, takriban kilomita za mraba ishirini tu. Karibu lote ni mlima wenyewe na msitu wake. Kutoka langoni hadi kileleni, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, ni mwendo wa kilomita kama tisa kwa barabara ya udongo inayojizungusha ubavuni. Kwa sababu ya mbogo, anayekwenda kwa miguu husindikizwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Wetu alikuwa mtu mpole aliyetuonya mara moja tu: tusitawanyike, na tusiimbe. Onyo la pili liliwauma wengi kuliko la kwanza.

Msomaji ambaye hajapanda mlima wenye msitu asidhani kwamba huko mtu huona mbali wakati wote. Sehemu kubwa ya safari huoni kitu. Miti imeufunika ukingo wa barabara pande zote mbili, na macho hukwama kwenye majani hatua kumi mbele. Unasikia nyani wakikemeana bondeni, unaona kivuli cheupe na cheusi cha mbega kikiruka juu ya kichwa chako, basi. Halafu, bila taarifa, kona moja inafunguka, miti inajitenga kama watu wanaompisha mgeni, na nchi nzima inakuwa chini ya miguu yako. Unatazama kwa dakika mbili, unapiga hatua ishirini, nao msitu unajifunga tena.

Uwazi wa kwanza ulitupata tukiwa tungali na pumzi. Chini yetu mto Athi ulikuwa umeuzungukia mlima kama mshipi. Tuliyaona mashamba ya mananasi yaliyonyooshwa kama daftari lenye mistari, na mbele zaidi mabati ya Thika yakimetameta. Tulikuwa na washairi saba katika msafara ule, na wote saba wakatoa kalamu, na nadhani wote saba walipata vina vya "-ndeza". Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mwenzetu mmoja wa Malindi, ambaye hakuandika neno. Alikuwa akiufuata mto kwa kidole. "Huu ni wetu," akasema. Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba Athi hii, ikishapita Ukambani na kuivuka nyika ya Tsavo, hubadilika jina ikawa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Nilikuwa nimeyasoma hayo katika jiografia ya shule ya msingi, lakini sikuwahi kumwona mtu akiutazama mto wa kwetu kama barua iliyoandikiwa kwao. "Na taka za Nairobi pia tunazipokea," akaongeza, kwani mto Nairobi huingia humo humo. Mahali pamoja, macho mawili. Mimi niliona mto unaoondoka. Yeye aliuona unaokuja.

Msimamizi wangu angekuwapo angetabasamu, nami ningemwomba asiseme kitu.

Kiasi cha kilomita saba kutoka langoni kuna uwazi mpana kuliko wote. Nyasi zimekatwa, pana vivuli vizuri, na tambarare za Athi zinajitandaza hadi zinapoyeyuka katika ukungu wa Nairobi. Ukitaka kuupiga picha mlima huu uutangaze kwa wageni, utasimama hapo. Ila mahali hapo pana wenyewe. Ni makaburi: la William Northrup McMillan, la mkewe Lucie, na la mtumishi wao Louise Decker. McMillan alikuwa tajiri mzaliwa wa Marekani aliyelowea nchini enzi za ukoloni, akamiliki ardhi kubwa sana pande hizi. Mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja. Alifariki mwaka 1925. Inasimuliwa kwamba aliusia azikwe kileleni, ila gari lililouvuta mwili wake likashindwa na mwinuko, wakamzika liliposimama. Sina njia ya kuithibitisha hadithi hiyo, lakini ukiifikia kona ile ukiwa unahema huwezi kuikataa.

Jina la McMillan wengi wetu tulilijua kabla ya kulijua kaburi lake. Limo mlangoni mwa maktaba ya mawe katikati ya Nairobi ambayo mkewe aliijenga kwa ukumbusho wake, ikafunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Mimi niliingia, mwaka wangu wa kwanza chuoni, nikaketi chini ya dari lile refu nikasoma riwaya ya Kiswahili bila kuulizwa na mtu. Kwa hiyo sikusimama kaburini kwake na chuki. Nilisimama na swali. Marehemu alichaguliwa mahali pa kutazamia. Alitengewa mandhari bora kuliko yote mlimani, ayatazame milele kwa macho yasiyoona. Na kule ng'ambo ya mlima alikuwako mwanamke aliyeutazama mlima uo huo miaka hamsini akiwa na jembe mkononi, na mtu pekee aliyepata kumuuliza anaona nini alikuwa daktari, tena alimuuliza kwa kumwonyesha herufi ukutani.

Wenzangu walipiga picha ya pamoja. Sikuingia ndani yake, nikisingizia kiatu.

Kileleni palinivunja moyo kwa muda. Mtu hupanda akitarajia taji, akakuta minara ya mawasiliano, nyaya na uzio. Askari wetu alituambia kwamba siku za anga safi huonekana Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Siku hiyo wa kwetu ulitoa ncha yake juu ya mawingu kwa muda wa kumeza mate, ukajirudisha. Kilimanjaro haikujitokeza kabisa. Baadhi ya wenzetu walinung'unika kana kwamba walikuwa wamelipia milima yote miwili langoni.

Nilimwomba askari anionyeshe upande wa Matungulu. Akanipeleka hatua chache hadi penye mwanya kati ya miti, akasimama nyuma yangu akiwa ameikumbatia bunduki yake. Nilitazama. Sijui nilitarajia nini. Nilikuwa na hakika kwamba nyumba niliyozaliwa ningeitambua popote, kama vile mtu anavyotambua sauti. Niliona vilima vya kijivu kwa kijani, mistari ya barabara, na mabati: mabati mia, mabati elfu, kila moja likimetameta kama lenzake. Nililidhania soko la Tala mara tatu, katika mahali patatu tofauti. Nilijaribu kuifuata njia ya kwetu kuanzia barabarani, nikaipoteza kwenye kichaka cha kwanza. Mlima huu niliuona kila siku ya utoto wangu nikiwa nyumbani. Nyumbani sikuweza kupaona nikiwa mlimani. Nilikaa hapo hadi askari akakohoa. Wenzangu walikuwa wameanza kuteremka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi chini ya mwembe akichambua mbaazi kwa vidole, maana kwa kazi hiyo haihitaji macho tena. Nilikaa karibu naye, nikachukua kiganja cha mbaazi na mimi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeipanga simulizi yangu njiani, ndani ya matatu, na naikiri mbele ya wasomi wenzangu kuwa ilikuwa na tashbihi nne na takriri mbili. Nikaanza kumweleza jinsi bonde lilivyotandaa kama zulia.

"Hayo ni ya kitabuni," akasema. "Mto uliuona?"

"Niliuona, mama."

"Ukiwa umesimama pale, ulikuwa mkono gani?"

Nikafikiri. "Wa kushoto. Kisha ukazunguka mbele."

"Basi ulikuwa unatazama Thika. Mkonge bado uko?"

Nikamwambia niliona mananasi. Akaguna. Alipokuwa msichana, akasema, alivuka mto huo na dada yake kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge, na jioni moja maji yalijaa wakalala ng'ambo, chini ya ghala, wawili ndani ya leso moja. Hakuwahi kunisimulia. Aliendelea kuniuliza: barabara, daraja, ule upara wa ubavuni usioota miti, kama ungali pale. Kila nilipojibu aliweka mbaazi moja ama mbili kando, kama mtu anayejenga kitu. Kadiri alivyouliza ndivyo nilivyogundua kwamba mlima aliokuwa nao kichwani ulikuwa na watu, na wangu ulikuwa na majani. Wala hakuuliza hata mara moja kama palipendeza.

Nimeiandika upya sura ya tatu. Riwaya ni zile zile nne, na kurasa zimepungua. Nilianza na Rosa Mistika, ambayo Euphrase Kezilahabi aliichapisha mwaka 1971, na safari hii sikuhesabu chochote. Nilijiuliza tu inakuwaje mtu aliyezaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, akaandika kuhusu Namagondo kwa jina lake, na anasimama wapi anapopatazama: ndani ya kijiji, au mbali nacho akijaribu kukitambua kati ya mabati elfu. Sijui kama jibu langu litamridhisha msimamizi. Ameiweka mezani pake wiki ya tatu sasa.

Matone ya mama nanunua mimi, kwa ujira wa kufundisha vipindi vya jioni. Jicho la kulia limebaki na uwazi mdogo. Daktari anasema huenda ukadumu.

Lakini nilikuwa sijamaliza kuieleza siku ile chini ya mwembe. Mbaazi zilipokwisha, aliuliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu nilipokaa.

"Na nyumbani? Ulipaona?"

Uongo ulikuwa mdomoni. Ningemwambia niliuona mwembe huu, na paa, na hata ng'ombe, nani angenisuta? Nikamwambia nilitafuta sana sikupaona.

Hakuonyesha kusikitika. Alikung'uta maganda mapajani, akasema pengine ni mbali mno, au pengine hakuianika vizuri.

"Hukuanika nini?"

"Leso ile ya manjano," akasema. "Niliitandaza juu ya ua tangu asubuhi, nikaketi hapa nikielekea huko. Mlianza kushuka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Mimi niliianua saa kumi."